Nilijivika Ngozi ya Ng'ombe Shingoni Nikasema ni Chatu

Mshauri mpendwa,

Nisaidie, ila kwanza niahidi hutacheka, na kama ni lazima ucheke basi maliza kusoma kwanza. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, fundi viatu, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio, mke wangu ametangulia mbele ya haki huu mwaka wa tatu, na naishi nyumba ya vyumba vitatu ambayo viwili sina kazi navyo.

Nina binti mmoja, anatibu wanyama, na mwaka jana alipopata kazi mbali aliniachia chatu wake. Si chatu wa kumeza mbuzi, huyu ana urefu wa mkono wangu na unene wa mchi, madoa ya kahawia, anakaa kwenye sanduku la kioo lenye taa ya joto pale sebuleni palipokuwa na kiti cha marehemu. Mwenzake wa kazini alimwomba sana yule nyoka, nilimsikia kwa masikio yangu, "Dada, nipe mimi, baba yako ataanguka kwa woga," binti akakataa katakata, akasema huyu anakaa na baba. Ana jina la kigeni linalonishinda ulimi, mimi namwita Mkanda.

Kumlisha namlisha, kila baada ya siku kumi namyeyushia panya wa barafu kwenye maji ya moto, nampelekea kwa koleo, hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni kumshika. Binti aliagiza ashikwe kila baada ya siku chache asije akasahau watu, nami siku ya kwanza nikavaa glavu zangu za kazini, zile za ngozi nene, nikamshukia kutoka juu kama ninavyonyakua kiatu cha mteja, akaing'ata glavu, nikatupa glavu nikakimbilia bafuni nikajifungia saa nzima, yaani mwenye nyumba nimejifungia mimi, na nilipotoka nikamkuta mpangaji kalala zake palepale kwenye sanduku, mfuniko uko wazi. Nimejaribu tena mara nne, glavu zilezile, akiziona tu anajikunja kama mpira na kuficha kichwa.

Sasa dhambi yenyewe. Kila Jumapili mchana binti hunipigia simu ya video, ananiambia nigeuze simu jikoni aone sufuria, nimwoneshe kopo la dawa za presha ahesabu vidonge vilivyobaki, halafu ndiyo anauliza, "Baba, umemshika?" nami najibu, "Huyu? Huyu siku hizi hataki kushuka begani." Akataka picha. Basi nikachukua ngozi ya ng'ombe, nikaishona mviringo, nikaijaza matambara, nikaipaka madoa kwa rangi ya viatu, nikajivika shingoni na kusimama kwenye kona yenye kiza, jirani akanipiga picha akiwa nje dirishani. Kazi safi, mwenyewe niliogopa kidogo. Huyo jirani ndiye mwenzangu wa drafti, tangu nyoka aingie yeye haingii, tunacheza kasimama dirishani, na mvua ikinyesha hatuchezi.

Binti alifurahi mpaka akalia. Na sasa anakuja likizo wiki tatu kutoka leo, anasema hamu yake ni kunikuta nimekaa na Mkanda mapajani. Akijua nilimdanganya atamchukua ampe yule mwenzake, na nyoka akiondoka, Mshauri, Jumapili atampigia nani? Saa ya ukutani nimeshaitoa betri, ilikuwa inasikika mno. Mkanda hana sauti, lakini asubuhi nikisema "umeamkaje" kuna mtu nimemwambia. Nimshikeje?

Mzee wa Glavu

*

Mzee wa Glavu,

Shikamoo. Nimecheka, unisamehe, sikufika hata kwenye bafu. Sasa tulia nikuseme.

Mtu mzima, miaka sabini na moja, unamshonea mwanao nyoka. Tena unamshonea vizuri. Ufundi wote huo Mungu aliokupa, ndiyo umeupeleka huko?

Mimi nyoka namjua kwa mbali, na kwa mbali ndiko ninakompenda, kwa hiyo nimemuuliza mama mmoja anayewafuga. Niliposema glavu za fundi viatu akashika kichwa. Nyoka hunusa kwa ulimi, mzee wangu. Wewe unamwingizia ng'ombe mfu aliyepakwa gundi, tena kutoka juu kama mwewe. Ningekuwa mimi ningekung'ata na bafuni nikakufuata.

Glavu zibaki na viatu. Nawa mikono kwa sabuni isiyo na manukato, na ukishashika panya nawa mara mbili. Akishakula usimguse siku mbili. Ukiona macho yake yana ukungu, anataka kujivua gamba, mwache na shida zake. Wiki hii ya kwanza hushiki kitu, unaingiza mkono mtupu na kuutuliza, unamsimulia umbea wa mtaa, akija kukugusa kwa ulimi usichomoe mkono. Wiki ya pili pitisha kiganja ubavuni, chini ya tumbo, mkono wa pili ubebe nyuma, keti, umwache apite mikononi kama uzi unavyopita ukishona. Usimbane. Dakika kumi tu, kwa hiyo rudisha ile betri kwenye saa. Akikung'ata, hana sumu, na wewe sindano ya viatu imekuchoma mara ngapi? Na sanduku lifungwe, hata kama unakimbia.

Hayo ni ya nyoka. Haya ya mwanao yasikilize vizuri zaidi.

Chatu hatumii dawa za presha. Sufuria lile si la chatu. Binti anaanza jikoni, anahesabu vidonge kimoja kimoja, nyoka anamfikia mwisho, halafu wewe unaniandikia kwamba anampigia nyoka. Na kama shida yake ilikuwa nyoka atunzwe, alikuwepo mtu anamwomba kwa mikono miwili. Akamnyima, akamwacha kwa mzee anayejifungia bafuni, pale palipokuwa na kiti kitupu. Hebu jiulize nani aliachwa amtunze nani.

Basi usingoje Jumapili. Mpigie leo. Mwoneshe hilo jinyoka lako la ngozi, mwambie yote, hata ya bafuni. Atakasirika, mwache akasirike, halafu atacheka kuliko mimi. Akishacheka mwambie akufundishe, mkono wako ndani ya sanduku, macho yake kwenye simu. Wiki tatu zinatosha. Na huyo jirani mwambie dirisha limefungwa, anayetaka drafti apite mlangoni.

Kesho mpigie tena. Akishtuka akauliza kuna nini, mwambie hakuna kitu, umepiga tu.