Bati Mbili za Zahanati

Goweko,
14 Julai, 1969

Dada yangu mpendwa Apolinaria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Mpanda, wewe, shemeji Masolwa na watoto. Sisi hatujambo, ila mama anasumbuliwa na magoti.

Zahanati ya kijiji imefunguliwa wiki iliyopita. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu kwa kutunza vizuri hesabu. Sifa hizo sikuzistahili.

Unaikumbuka ile asali tuliyompelekea dalali wa Tabora. Tulitaka tubakiwe na shilingi mia nane za kununulia bati hamsini za zahanati, na dalali alikuwa akikata asilimia ishirini. Karani nilikuwa mimi. Nilitafuta asilimia ishirini ya mia nane, nikapata mia na sitini, nikajumlisha, nikamwandikia auze kwa mia tisa na sitini. Akauza. Shemeji, aliyeipeleka asali, akarudi na mia saba sitini na nane. Bati mbili zikakosekana.

Mkutanoni shemeji alisema, "Nilizopewa ndizo hizi." Mwenyekiti akanigeukia mimi, nami nikajibu kwamba zilipaswa kuwa mia nane kamili. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini watu waliacha kumsalimia, hata mkafunga mizigo.

Dada, siku ya tatu baada ya mkutano nilirudia hesabu. Dalali hukata kwenye bei yote aliyouzia, si kwenye zile tunazotaka zibaki. Kwa mia tisa na sitini alikata mia moja tisini na mbili. Ningeandika elfu moja, angekata mia mbili, tukabaki na mia nane zetu. Shemeji alileta kila senti.

Nilijua hayo mkiwa bado hapa. Niliwasindikiza stesheni nikijua, hata sanduku lake nililibeba mimi. Niliona aibu kuitwa karani asiyejua hesabu.

Jana nimesimama mkutanoni nikaeleza yote. Ukarani nimeuacha, na mwenyekiti atamwandikia shemeji kumwomba radhi. Mama aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile ya stesheni nilikuwa najua. Nikamwambia ndiyo. Mpaka sasa hajasema nami tena.

Msomee shemeji barua hii yote, usiruke mahali. Asiponijibu, sitamlaumu.

Nibusie Koleta na wadogo zake. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Silasi