Kaburi la Naomi na Barabara ya Moshono

Mama,

Naomi amekufa. Mke wangu. Ni mapafu. Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Simu ya kaka nimepiga mpaka nimechoka, haipatikani, ndo maana barua nimempa kondakta wa basi la Singida.

Kumleta huko sikuweza. Nilimwomba baba mkwe tumzike kwake Nkoaranga, migombani. Akakataa. "Binti yangu nilishakupa," alisema. "Kwetu Wameru mke analala kwa mumewe. Una kiwanja Moshono, mzike hapo." Nikachimba mwenyewe. Juu ni mwamba mtupu, nikashuka chini upande wa barabara, nyuma ya choo karibu na uzio.

Hapo ndo nilikosea. Wiki iliyofuata watu wa jiji wakapiga X nyekundu kwenye uzio wangu. Barabara inapanuliwa, na sisi vibarua wa mtaro hatukuambiwa. Mama, chakula kilinishinda. Nimfukue Naomi nimpeleke wapi?

Mtendaji wa mtaa akaita mkutano. Akasema pesa ni ya serikali kuu, wanataka lami ifike kwenye mahoteli, watalii waje, biashara ikue. Mkurugenzi wa jiji anatekeleza tu. Jirani yangu Mama Lyimo, muuza ndizi, akauliza, "Huyo mkurugenzi wa jiji tulimchagua lini?"

"Hachaguliwi, mama. Anateuliwa huko juu."

"Ahaa. Basi na barabara ipite huko huko juu, kwangu kuna migomba."

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Nikasema, "Pale kwangu yupo mke wangu."

 Mtendaji akasema, "Mzee, kufuta barabara siwezi. Kukuletea mpimaji naweza. X inasema uzio unaondoka, haisemi wanaingia hatua ngapi."

Jana mpimaji kaja. Ananijua, si nachimba mtaro kwenye barabara hiyo hiyo. Akanipa ncha ya tepu. "Shika, baba." Nikavuta toka katikati ya barabara, nikapita uzio, nikapita choo. Ikaisha hatua moja kabla ya kaburi. Akapima tena. Hivyo hivyo. Akagonga kigingi.

"Mama anabaki," akasema.

Nikakaa chini palepale.

Choo kinaenda. Uzio nimeshang'oa mwenyewe. Mama Lyimo kaniletea ndizi na nyama, kasimama mlangoni mpaka nikamaliza. "Kula, baba, mpimaji asije akadhani wewe ni kigingi." Nimekula, mama. Na usingizi nimepata.

Msalimie kaka mkubwa, asimuuze yule mbuzi wangu. Shangazi mwambie Naomi alimtaja. Mjomba wa kwaya aombe kanisani jina lake lisomwe Jumapili. Nawe mguu usiuchoshe.

Ni mimi mwanao Yohana. Mtaro umefika mbele ya kwangu. Kesho narudi kazini.