Kwa Nini Unaniulizia Upepo

Hyattsville, Maryland
7 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipchumba,

Habari za huko Mosoriot? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na huo tumeshazoeana. Natumaini nawe hujambo, ng'ombe wanakamuliwa na mahindi yamekomaa. Mama je? Jicho lake la kulia linauona mlango, au bado anapapasa ukuta?

Huku joto limeanza kupungua. Kuhusu hali ya hewa sitakueleza zaidi ya hapo, na sababu utaiona.

Kazi ni ileile. Bado namtunza Mzee Mark kule Sterling, yule wa miaka themanini na minne ambaye hataki kuogeshwa siku za mechi. Mchezo wake ni besiboli: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, waliobaki wamesimama wanatema mate. Nimeutazama miaka miwili bila kuelewa kitu. Asubuhi hunipeleka kwa gari lake Simiyu, Mbukusu wa parokia yetu, anayefanya kazi karibu na uwanja wa ndege wa Dulles.

Wiki tatu zilizopita nilimkuta Simiyu amenuna. Nikamuuliza kuna nini, akasema mkeka wake umechanika. Nikamhurumia, nikamwambia nina godoro la ziada kabatini. Alicheka mpaka tukapitiliza njia ya kutokea.

"Ai, Chelagat, si mkeka wa kulalia! Ni bet. Una-combine games kama tano kwa slip moja, moja ikilose, yote imechanika. Kwani ulitoka Kenya lini?"

Nilitoka 2010, nawe unajua. Mwezi wa tano mwaka huu, ukidhani simu umeshaikata, nilikusikia ukimwambia mtu, "Mkeka umechanika tena, bana." Nikadhani ni ule wa Mama wa sebuleni. Nikanunua zulia, nikalipakata kwenye basi kutoka dukani, nikambembeleza Genoveva wa parokia yetu, alipokuwa anasafiri kuja huko, akubebee. Ukaniandikia asante ndefu yenye baraka. Zulia la watu ulilipokea bila hata kukohoa!

Hata hivyo sikutaka kukuhukumu kwa neno moja. Nikamwomba Mzee Mark anifundishe kubeti. Alifurahi sana. Binti yake Cheryl alimfutia zile programu kwenye simu, kwa hiyo tunacheza kwa biskuti.

Ya kwanza ni nyepesi, unataja nani atashinda, basi. Lakini ukichagua timu kali dhidi ya dhaifu unaambulia kipande tu cha biskuti. Ndiyo maana kuna nyingine ambayo timu kali lazima ishinde kwa pointi mbili au zaidi. Ikishinda kwa moja, wao wanashangilia na wewe umeliwa. Nilipoteza biskuti nne hapo na nikabishana naye mpaka akaniita wakili. Kuna inayoangalia zamu tano za kwanza kati ya tisa, ikipita hapo haikuhusu. Kuna ya mchezaji mmoja, kwamba mrushaji fulani atawatoa wapigaji wangapi. Mkeka ni kuzifunga hizo pamoja, na Mzee anasema mwenye akili haugusi.

Kisha akanionyesha ya jumla. Unakisia kama pointi za timu zote mbili zitazidi nane au zitapungua. Kabla sijachagua, akaniambia nitazame kwanza kwenye simu upepo wa pale uwanjani Washington, jirani na kwangu, unaelekea wapi. Ukivuma kutoka kwa mpigaji kwenda nje, mpira unapaa na pointi zinakuwa nyingi. Ukigeuka, zinakuwa chache.

Kipchumba, biskuti niliirudisha sahanini.

Kila Jumamosi tangu Aprili unanipigia: dada, huko kuna upepo leo? Unavuma kuelekea wapi? Na mimi mjinga natoka kibarazani, nalowesha kidole kwa mate, nakuletea jibu. Nilikusifu hata kwenye jumuiya yetu kwamba nina ndugu ananijali mpaka upepo usinipige. Anysie, yule mama Mkongo wa Uvira, alinishika mkono akasema, "Uko na bahati, dada. Frère yangu ye anaulizaka tu transfert," yaani pesa ya kutumiwa. Hili limeniuma kuliko zulia. Nililia bafuni kwa Mzee wa watu, nikamwambia ni sabuni.

Tangu siku hiyo kila neno lako nalipima. Ukikohoa, najiuliza ni zamu ya ngapi.

Nikamuuliza Mzee kama kuna beti isiyoisha siku hiyohiyo. Akasema ipo. Msimu unapoanza, mwishoni mwa Machi, unaweka kwamba timu fulani itachukua ubingwa, na pesa inakaa imefungwa mpaka fainali, mwisho wa Oktoba au siku za kwanza za Novemba.

Pesa ya upasuaji wa jicho la Mama nilikutumia mwisho wa Machi. Mei ulisema mashine ya hospitali imeharibika. Julai ukasema daktari yuko likizo mpaka Novemba. Hebu niambie, ni daktari gani wa macho anayekwenda likizo mpaka fainali za besiboli?

Nilimwomba Mungu iwe nakuonea, nikuangukie miguuni. Ijumaa nikapigia hospitali mwenyewe. Daktari yupo kila Jumanne na Alhamisi, mashine ni nzima, na jina la Mama halikuwahi kuandikwa. Dada aliyepokea simu alilitafuta mara mbili, kwa sababu nilimsihi.

Nimeandika badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nilichopigia. Nina hasira nawe, Kipchumba. Na bado nakumbuka kwamba sote tuliondoka, wewe kitindamimba ukabaki na Mama, ukampikia, ukamfulia. Hilo sijalifuta, na sitalifuta.

Nisalimie shangazi Jepkosgei na Gervas wa duka la dawa za mifugo. Mungu akufunike kwa mkono wake, na akupe nguvu ya kusema kweli hata ikija na aibu.

Mama sitamtumia salamu kupitia kwako. Jeptoo, aliyekukabidhi barua hii, ni muuguzi rafiki yangu wa College Park, na hakuja kunywa chai. Nimemwagiza akufikie Alhamisi asubuhi. Pesa nyingine ya jicho anayo yeye, gari linangoja barabarani, na jina la Mama limeandikwa hospitalini, saa tano. Kwa hiyo weka karatasi hii chini sasa hivi, umsaidie Mama kuvaa viatu.

Dada yako akupendaye bado,
Chelagat