Pasi ya Mkate

Shawna, nimekwisha. Nimejifungia chooni kwa kina mchumba wangu Garrett, blauzi yote inanukia mchuzi wa bata mzinga.

Si unajua Sikukuu ya Shukrani ya leo ndiyo nimeletwa kwa wazazi wake. Garrett kanionya njia nzima, habari za mpira wa Kimarekani usiziguse.

Sasa baba yake, Mzee Rusty, ndiye alikuwa mrusha pasi wa timu ya shule enzi zao, na rekodi yake ya pasi zilizodakwa imevunjwa juzi na kijana mmoja. Mezani ni hiyo tu. "Huyo kazungukwa na wadakaji warefu kama nguzo. Mimi nilikuwa na nani? Lonnie tu."

Na Lonnie ni shemeji yake. Yuko palepale, anakula viazi kimya.

Mdomo wangu huu, Shawna. Nikasema, "Kwani hizo pasi zote si alidaka Lonnie?"

 

Mzee kanyanyuka, kachukua mkate wa duara. "Binti, mimi hata ningemrushia kipofu angedaka. Lonnie, daka."

Akarusha. Mkate ukaenda pembeni, Shawna, pembeni kabisa. Lonnie angenyoosha mkono angeufikia. Akakunja mikono kifuani, akautazama ukipita.

Ukatua kwenye bakuli la mchuzi, na mchuzi wote ukatua kwangu.

Mama yake Garrett akawa ananifuta huku anacheka hadi machozi. Lonnie akarudia viazi vyake.

"Rusty," akasema, "hivyo ndivyo zilivyokuwa zinakuja zote."