Nimeshukuriwa kwa Sabuni

Kisangani, Jumanne

Itangazwe kutoka Makiso hadi Lubunga: leo, mbele ya wakubwa wote wa fakulte, nimeshukuriwa rasmi kwa kutoa sabuni.

Sabuni! Utadhani mimi ndiye ninayewafulia maprofesa.

Dieudonné ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wasaidizi katika maabara moja. Hapa hatuna mashine ya RMN, ile yenye sumaku inayosikiliza viini vya atomu, kwa hiyo chupa zetu za sampuli hupewa yeyote anayesafiri, akazipimishe huko. Alipokwenda Ubelgiji nilimkabidhi zangu, za sabuni ya mawese iliyoyeyushwa kwa vipimo tofauti, pamoja na swali langu: sabuni ikifika kiasi gani ndipo molekuli zake hujikusanya kuwa miseli, yaani vijidonge, vichwa nje, mikia ndani?

Amerudi na jibu, na leo amelitolea mhadhara. Pale ukutani, chini ya kichwa cha mhadhara, jina lilikuwa lake peke yake.

"Bon, sabuni ilitoka kwa Papa Anselme," akasema akicheka. "Tumupigie makofi!"

Mke wangu nimemwambia kwamba nilisimama nikadai haki yangu.

Kusimama, nilisimama. Lakini kabla sijafungua kinywa, mtu alimuuliza kwa nini alama za mashine husogea sabuni inapozidi. Dieudonné akanitazama kama zamani. Nami, kwa mazoea tu, nikaeleza: mkia ukiingia ndani ya miseli, haukutani tena na maji, ndipo alama yake husogea. Nilieleza vizuri kabisa.

Wakampigia makofi yeye.