Hata Kosa Langu Hukuniachia

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Kaka Profesa,

Pokea salamu zetu. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini akishakaa kwenye cherehani husahau kama ana goti.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nina hasira nawe, Kaka, na sitazunguka mbuyu.

Makala yako kuhusu lugha ya mafundi cherehani nimeiona. Hukuniletea wewe. Nilionyeshwa na msimamizi wangu, ofisini kwake, mlango umefungwa, ameilaza kando ya tasnifu yangu na kupiga mistari myekundu kila zinapofanana. Mistari ilikuwa kwenye kazi yangu, kwa kuwa makala yako ilitangulia kuchapishwa. "Binti, hapa umenakili," akaniambia. Ijumaa naitwa mbele ya kamati, na nikishindwa kujieleza nafukuzwa chuo.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kutaja vyanzo! Hapa hapa, kwenye meza ya kukatia vitambaa, ulinirudishia orodha nzima ya marejeleo kwa sababu ya nukta na mkato. Ukasema kila wazo lina mwenyewe, na asiyemtaja mwenyewe ni mwizi hata akivaa tai. Nilikuamini, ndiyo maana nikakutumia rasimu yangu unikagulie marejeleo. Kumbe nilimkabidhi fisi bucha.

Sasa sikiliza. Kile kipande cha mwisho cha kitambaa, kisichofaa hata kiraka, Mama hukiita kitukuu, kwa kuwa kitambaa kimezaa vipande, na vipande navyo vikazaa. Kwenye rasimu ile nilikosea kuchapa, nikaandika "kitukutu". Nilisahihisha kabla ya kuwasilisha chuoni. Rasimu yenye kosa uliipata wewe peke yako. Nawe umeandika "kitukutu", tena ukaongeza aya nzima kueleza kwamba mafundi uliowahoji wewe mwenyewe hukiita hivyo kwa sababu hakitulii mkononi. Nilicheka, kisha nikalia. Hata kosa langu hukuniachia. Umelala chumba kimoja na vitukuu hivyo utoto wako wote, Mama, aliye mama mdogo wako, akikulea kama wa kumzaa. Ungemuuliza tu.

Mama hajui lolote. Alisikia umeandika habari za mafundi, akafurahi, akataka nimsomee. Nikamsomea huku akishona vifungo vya shati lako. Nilipofika mwisho akauliza, "Na mimi nipo ukurasa wa ngapi?" Nikamdanganya kwamba kuna kurasa sijazifikia. Letu mimi na wewe labda litaisha siku moja, lakini hilo la Mama limeniuma mno.

Iandikie kamati mwenyewe, kabla ya Ijumaa. Ukinyamaza, nitawapelekea rasimu ile pamoja na barua pepe uliyonijibu, "Kazi nzuri, Sindano, sina cha kuongeza." Najua kazi ya kufundisha unayoingojea huko, ya kukufanya profesa kweli na si wa utani wa nyumbani, itaota mbawa. Sifurahii, ila damu ni nzito na mimi pia nina damu.

Mjomba anakusalimu, na shangazi mwenye duka anauliza utaoa lini. Shati lako liko tayari, Mama amelipiga pasi na kulitundika mlangoni, kila nikitoka nalipita. Mungu akulinde huko uliko, na akurudishie haya usoni.

Maelezo yangu ya kamati nimeshayaandaa. Nimekutaja vizuri kama ulivyonifunza: jina la ukoo kwanza, mwaka, ukurasa, nukta na mkato mahali pake. Na chini yako nimemwandika Mama.

Dada yako, akupendaye hata sasa,
Sindano