Ua Kando ya Jina la Baba

Suwon, 20 Machi 2012

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo haukusumbui sana, maana najua sasa ni wakati wa kupogoa mitofaa. Mimi sijambo.

Miaka miwili hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika. Humu ndani kuna kadi ya harusi yangu na Jun-ho, tarehe 12 Mei. Hatukuzinunua. Tumezitengeneza wenyewe, zote themanini, kwenye meza za mgahawa wake kabla wateja hawajaingia: mimi naandika kwa brashi, yeye anakunja. Jina lako na la mama yamekaa juu ya langu, bega kwa bega. Lile ua linalowekwa kando ya jina la mzazi aliyekufa nimelichonga mwenyewe kwenye kifutio, nikalipiga muhuri kando ya jina la mama. Sikutaka apewe ua la kiwandani.

Njoo, baba. Sina mwingine wa kunishika mkono kuingia ukumbini, na simtaki mwingine.

Binti yako,
Bo-reum

Yeongju, 9 Aprili 2012

Bo-reum,

Marahaba. Mgongo ni ule ule.

Kadi ilifika, sikuifungua. Ubishi wangu unaujua. Juzi shangazi yako akaja na ya kwake mkononi, akanikuta juu ya ngazi nakata matawi, akaangua kilio. Nikamwuliza nani kafa. Akasema, "Wewe."

Nikafungua yangu. Ua moja kwa mama yako, jingine kwangu. Barua yako inaniita, ila kadi watakayoisoma watu inasema nimekufa.

Siku niliyokufukuza nilisema ukiolewa na huyo mkoroga mchuzi, unihesabu nimekufa. Basi umenihesabu. Sikulaumu, neno nililitoa mwenyewe. Ila sikujua litaniuma hivi nikilisoma kwa mwandiko wako.

Aliyekufa haendi harusini. Nakutakia heri.

Aliyekuwa baba yako

Suwon, 12 Aprili 2012

Baba,

Shikamoo mara kumi. Kama uko juu ya ngazi, shuka kwanza.

Sikukuhesabu. Ni wino. Jun-ho alikunja kadi za mwanzo kabla hazijakauka, na mkunjo unapita katikati ya majina yenu. Ua la mama likagusa upande wa pili, likabaki hapo. Litazame vizuri: lako limefifia, na jani lake limeelekea kushoto wakati la mama limeelekea kulia. Zimeharibika kumi na moja, na yako na ya shangazi zimo kwa sababu ndizo nilizokimbilia kuzituma.

Jun-ho hali chakula. Mpishi mzima, kanuna mbele ya sufuria. Anataka kuja kukupigia magoti, nimemwambia utamfukuza na mkasi wa matawi.

Na mimi nina hasira nawe. Umenilea peke yako tangu nina miaka saba, ukanisuka nywele zikaenda upande kila asubuhi, halafu uamini naweza kukuzika kwa muhuri? Nimelia mpaka macho yamevimba. Kadi mpya hii hapa, nimeifuta kwa kitambaa mara tatu kuhakikisha imekauka. Sasa nijibu. Unakuja au huji?

Binti yako,
Bo-reum

Yeongju, 16 Aprili 2012

Binti yangu,

Mimi mzima. Mzima kabisa.

Nimeziweka kadi zote mbili dirishani. Kweli, ua langu limegeuka. Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa sakafuni hadi chai ikapoa. Shangazi yako nimempigia, akanitukana kwa kumpotezea machozi yake.

Mwambie Jun-ho ale. Nililosema juu ya kazi yake nimelifuta. Na kama lazima aje kupiga magoti, aje na tambi zake nizionje.

Nitumie kadi arobaini. Sijamwambia jirani hata mmoja kwamba binti yangu anaolewa, na kuzigawa ni kazi yangu.

Nilikosea kukufukuza, Bo-reum. Nililijua hilo wiki ile ile, nikaona haya kuanza mimi. Nitafika tarehe kumi Mei kwa basi la asubuhi. Nisubiri kituoni twende tukafanye mazoezi, maana sijui mtu anatembeaje wima huku kamshika bintiye na machozi yanamtoka.

Baba yako